Ng'ombe Asiye na Mwenyewe Ana Walaji Wengi

Ndugu msomaji, nijibu hili kabla hatujaendelea. Ng'ombe akikutwa asubuhi kwenye mahindi yako hapa Mbalizi, hana mchungaji, hana kamba, chapa yake haisomeki na hakuna jirani anayemfahamu, utampeleka wapi?

Usikimbilie kujibu.

Utampeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji? Mwenyekiti ana mhuri, hana zizi. Utakwenda kwa mtendaji? Utakwenda polisi? Nani huko ana majani na ndoo ya maji? Utamfunga uani kwako? Mwenyewe akitokea keshokutwa na wenzake sita, wewe ndiye utakayeitwa mwizi wa mifugo. Utamfukuza arudi alikotoka? Basi usiku lori linaloshuka Iwambi kuelekea Tunduma litamkuta amelala katikati ya lami, na hapo hatutazungumzia ng'ombe tena, tutazungumzia majeneza.

Hujui utampeleka wapi. Jirani yako hajui. Wanaolipwa mshahara ili wajue, ukiwauliza, huyu anamtaja yule na yule anamtaja huyu.

Lakini kuna wanaojua. Siku ya tatu ng'ombe hayupo, na hakuna aliyeona. Kuna nyama imeuzwa kwa bei ya kutupa vichochoroni, ngozi haijulikani ilipo, na mahindi yako yamelala chini. Cha mlevi huliwa na mgema. Cha aliyepotelewa huliwa na nani? Huliwa na yeyote aliyewahi.

Mimi nimechoka. Nimechoka na nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 36, inayojisifu kila bajeti kwamba iko mstari wa mbele Afrika kwa mifugo, ambayo haijaweza kumwambia raia wake wa kawaida nini cha kufanya na ng'ombe mmoja aliyepotea.

Ngoja nikuonyeshe ninachokisema. Msimu uliopita, mahindi yakiwa yametoa mbelewele, mama mmoja jirani yangu aliamka akakuta dume jekundu limelala katikati ya shamba lake la nusu eka. Limekula, limeshiba, linacheua. Shina kwa shina limelala, na pale lilipojigeuza usiku pamekuwa uwanja. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika kuanzia katikati hadi ukingoni, ule mchaniko wa kitu kilichokuwa kimening'inia kikavutwa kwa nguvu. Paja la nyuma lilikuwa na kovu la chapa ya zamani. Manyoya yalikuwa yamelifunika, ukitazama kwa upande unaona kama herufi mbili, ukitazama kwa mbele huoni kitu.

Watu wakajaa. Msomaji, nisikilize vizuri hapa. Katika umati ule sikumsikia hata mmoja aliyeuliza ni wa nani. Walizunguka, wakatazama nundu, wakatazama makalio, na kijana mmoja akakadiria kilo kwa sauti. Mama wa watu amesimama na kanga yake kiunoni, anahesabu mashina yaliyolala, na wenzake wanahesabu nyama.

Kabla ya saa sita wakaja wanaume wawili, wakasema wametumwa kumchukua ng'ombe "kwa usalama". Wametumwa na nani? Hawakusema. Karatasi? Hakuna. Jina? Hakuna. Mama akauliza, "Wanangu, na mahindi yangu nani atanilipa?" Mmoja akamjibu, "Mama, wewe shukuru ametolewa." Wakafungua kamba, wakaondoka naye.

Mpaka leo hakuna anayejua yule dume alilala wapi usiku ule. Mama amekula hasara. Mfugaji fulani, pengine wa Chunya, pengine wa Mbarali, pengine wa hapa hapa Songwe, anamtafuta dume wake wa mbegu mpaka leo. Na sisi tuliokuwepo tulitawanyika tukaenda kunywa chai.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu walisema hivyo, na sisi tunayasema maneno hayo kwenye vikoba na kwenye saccos. Kwa nini hatuyasemi kwenye ng'ombe, ambaye bei yake ni karo ya mtoto?

Utaniambia hakuna sheria. Hapana. Usijifiche huko.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 268, inatamka kwamba mwizi wa ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda au nguruwe anaweza kwenda jela miaka 15. Miaka 15! Na Kanuni hiyo hiyo inamtazama pia anayeokota kilichopotea. Inasema si wizi ikiwa aliyekiokota hamjui mwenyewe na ana sababu za msingi za kuamini kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Sababu za msingi. Soma tena maneno hayo. Aliyemchinja ng'ombe usiku wa pili alikuwa na sababu gani ya msingi? Alitangaza wapi? Alimuuliza nani? Alimwonyesha afisa mifugo? Ng'ombe si sarafu iliyodondoka sokoni. Ng'ombe ana rangi, ana pembe, ana kovu, ana mtu anayezunguka vijiji akiulizia. Ukikaa kimya siku mbili halafu ukanoa kisu, hujaokota. Umeiba, na kifungu chako unakijua sasa.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza mnyama kuteswa, na kumfunga ng'ombe kutwa nzima bila maji ni mateso. Sheria ya Tasnia ya Nyama Na. 10 ya mwaka 2006 inataka nyama ipite mahali panapojulikana, chini ya jicho la mkaguzi. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya wilaya uwezo wa kutunga sheria ndogo, na inakipa kijiji uwezo huo pia: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unajadili, wilaya inaidhinisha. Majirani zetu wa Uganda wana sheria mahususi ya wanyama wanaozurura, imo vitabuni tangu enzi za mkoloni.

Kwa hiyo karatasi zipo. Karatasi hazijawahi kutupungukia. Dar es Salaam waliandika sheria ndogo mwaka 1990 kwamba mfugaji wa mjini asizidishe ng'ombe wanne na awafungie ndani. Waliokaa Dar miaka iliyofuata waulizwe kama waliacha kupishana na ng'ombe barabarani. Sheria iliyolala kwenye jalada haifungi ng'ombe. Kinachomfunga ng'ombe ni zizi, na zizi ndilo halipo. Kinachomrudisha kwa mwenyewe ni daftari, na daftari ndilo halipo. Kinachozuia wizi ni tangazo, na tangazo ndilo halipo.

Tulipigwa chapa za matumaini mara ngapi? Mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria Na. 12 ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo. Miaka ikapita. Mwaka 2017 ikaja amri ya kupiga chapa ng'ombe wote kabla mwaka haujaisha, chuma kikawekwa motoni nchi nzima, moshi ukafuka. Baadaye tukaambiwa chapa inaharibu ngozi, sasa ni hereni za kielektroniki: shilingi 1,750 kwa ng'ombe na punda, 1,000 kwa mbuzi na kondoo. Wafugaji wakalalamika, zoezi likasitishwa. Juni 2025, kule Simiyu, ikazinduliwa kampeni mpya ya chanjo na utambuzi, na hereni zikarudi masikioni.

Sipingi hereni. Naziunga mkono kwa moyo wote. Ninachouliza ni hiki: ng'ombe mwenye hereni akikutwa ndani ya shamba lako saa kumi na moja alfajiri, nani katika kata yako anaweza kuisoma namba ile na kukupa jina la mwenyewe kabla jua halijazama? Mtaje. Kama huwezi kumtaja, basi ile hereni ni urembo, na mwizi atamaliza kazi yake kwa kuivuta tu, sikio likachanika kama la yule dume jekundu.

Na usidanganyike kwamba serikali yetu haijui kushughulika na mifugo isiyo na mwenyewe. Inajua sana. Ikitaka, inakwenda mbio.

Oktoba 2017, ng'ombe zaidi ya 1,300 waliovuka kutoka Kenya walikamatwa wilayani Mwanga, wakataifishwa, wakapigwa mnada. Mambo yakaisha kabla wenye mifugo hawajapumua. Mwaka 2023, mamia ya ng'ombe wa wafugaji wa Loliondo walikamatwa na Hifadhi ya Serengeti, na shauri likapelekwa mahakamani Musoma kwa hoja kwamba mifugo ile haina mwenyewe. Haina mwenyewe! Wenyewe walikuwepo, wanajulikana kwa majina na kwa vijiji, walikimbilia mahakamani kuomba mnada usifanyike. Ng'ombe wao waliuzwa.

Umeona sasa? Maneno yale yale. "Haina mwenyewe." Kule yanatamkwa upesi juu ya mifugo ambayo wenyewe wamesimama mlangoni. Hapa kwetu hayatamkwi kabisa na mtu mwenye mamlaka juu ya mnyama ambaye kweli hajulikani, ili mradi aishie kwenye sufuria za watu fulani. Kote kuwili anayeumia ni yule yule. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa, ndama wake hutangazwa hana baba.

Ndiyo maana nasema utaratibu huu si wa kumkomoa mfugaji. Wafugaji wakisikia habari za zizi la halmashauri na faini wananuna, na wana haki ya kununa, kwa sababu wameonja. Wameona ng'ombe wao wanakamatwa wazima wanatoka mifupa. Wameambiwa faini ya mdomo, leo hivi, kesho vile. Wamelipa fedha mkononi bila risiti. Basi wasikilize: utaratibu ulioandikwa ndiyo ngao yao. Mtu anayelazimika kuandika jina lake daftarini, kukupa risiti yenye kontroli namba, na kungoja siku zilizotajwa kabla ya kuuza, huyo hawezi kukuibia kirahisi. Anayekuibia ni yule asiyelazimika kuandika kitu.

Na mkulima naye asikilize. Umekasirika, najua. Umeamka ukakuta jasho la miezi minne limeliwa usiku mmoja. Lakini panga ulilolishika lirudishe ndani. Kumkata ng'ombe wa mtu kwa makusudi ni kosa la jinai hata kama amekula shamba lako lote. Kumwekea sumu ni kosa la jinai. Na ubaya wake hauishii kwenye jinai. Unajua Kilosa? Desemba 2000, kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima na wafugaji waliuana, wakafa watu zaidi ya 30. Waliozikwa hawakuzikwa kwa sababu binadamu wa Kilosa ni wakali kuliko wa Mbeya. Ugomvi wa ng'ombe ndani ya shamba unapokosa mahali pa kupelekwa, hupelekwa popote penye mkuki.

Tunangoja tufikie huko?

Sasa nikugeukie wewe uliyekaa hapo unatikisa kichwa kukubaliana nami. Wewe pia una lako.

Mwezi wa saba mahindi yakishavunwa, nani anafungulia ng'ombe? Ni wewe. Tumeikuta desturi hii kwa babu zetu: shamba likishavunwa, mabua ni ya wote, mifugo inafunguliwa asubuhi bila mchungaji, inarudi jioni ikipenda. Enzi za babu ilikuwa sawa. Kila mtu alilima mahindi, ulezi na maharage, kila mtu alivuna wakati mmoja, ardhi ilikuwa tele. Leo? Leo jirani yako amepanda parachichi. Mche ameununua kwa fedha, anaumwagilia kwa ndoo kiangazi kizima, ndiyo pensheni yake. Ng'ombe wako anapita anaumega kileleni mara moja, na miaka ya kungoja inaanza upya. Nenda Iringa na Njombe ukawaulize wenye vinyungu mabondeni, wanaolima mboga na mahindi ya kiangazi wakati wewe umeshaamua kwamba msimu umekwisha. Msimu umekwisha kwako. Wao ndiyo kwanza wana mahindi mabichi.

Ng'ombe uliyemfungulia bila mchungaji ndiye anayekuwa "asiye na mwenyewe" saa tisa mchana, akivuka reli ya TAZARA na kupotelea upande wa pili. Kisha unakuja kulia umeibiwa. Ulimwachia nani?

Na nguruwe je? Hili sitalipitia juu juu, kwa sababu linaua na hatulisemi. Mkoa wetu unafuga nguruwe kwa wingi, na wengi hawafungiwi: wanazunguka nyuma ya nyumba, wanapita kwenye vyoo visivyo na mlango, wanakula kinyesi cha binadamu. Humo ndimo tegu anapofanyia mzunguko wake. Nguruwe anakula mayai ya tegu, nyama yake inajaa malengelenge, wewe unaila haijaiva, tegu anakua tumboni mwako. Na mayai yakiingia kwenye mboga au maji ya mtoto, uvimbe unakwenda kukaa kichwani kwake. Mtoto anaanza kuanguka kifafa. Majirani wanasema karogwa.

Hajarogwa! Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, ambako watu wanaishi pamoja na nguruwe wanaozurura, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wameupata kwake. Watafiti walikuja wakawapima nguruwe wa Mbozi na Mbeya Vijijini, wakamkuta tegu. Hawakumkuta Ulaya. Walimkuta hapa, kwetu, kwenye nguruwe tunaowaona kila siku wakipita njiani na kusema, "Ni wa fulani, acha apite."

Wakati homa ya nguruwe ilipopiga mkoa huu mwishoni mwa 2010, ikianzia Kyela, nguruwe wasiofungiwa walikuwa wanaitembeza nyumba kwa nyumba. Uliyekuwa umewafungia wako kwenye banda safi uliteketea pamoja na asiyefunga. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo.

Rudi sasa kwenye ile nyama ya kichochoroni. Nani aliikagua? Hakuna. Mnyama amekaa siku mbili bila maji, ametoka pasipojulikana, hana kibali cha kusafirishwa, hana cheti cha chanjo, amechinjwa gizani. Alikuwa mzima? Au mwenyewe alimwacha kwa sababu alikuwa anaumwa? Mwaka 2006 na 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua Watanzania zaidi ya 140, na wengi kati ya walioambukizwa walishika damu na nyama ya mifugo migonjwa. Kimeta hakiulizi bei ya kilo. Wewe unayefurahia nyama ya bei ya kutupa, umewahi kujiuliza kwa nini inatupwa?

Huwa naambiwa, "Mwandishi, mambo haya yanataka bajeti." Bajeti ya nini? Zizi ni nguzo za miti, mbao, waya na karo la maji. Nyanda za Juu Kusini hatujakosa miti, Mafinga yote ni misitu. Daftari ni shilingi elfu chache. Ubao wa matangazo upo tayari nje ya kila ofisi ya kata, umejaa karatasi za uchaguzi uliopita. Kanisani tunatangaza ndoa wiki tatu mfululizo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msikitini tunatangaza kitu kilichookotwa. Redio za mkoani zinatangaza kondoo, ng'ombe na watoto waliopotea. Tunajua kutangaza. Hatujataka tu.

Ninachotaka hakina ufundi mkubwa. Nataka kila kata iwe na zizi moja linalojulikana, na mtu mmoja anayejulikana, jina lake limebandikwa ukutani. Ng'ombe akikamatwa aandikwe siku hiyo hiyo: rangi, jinsia, umri wa kukadiria, pembe, chapa, namba ya hereni kama ipo, sikio limekatwaje, amekutwa wapi, na nani amemleta. Picha ipigwe, simu zenye kamera ziko mifukoni mwetu sote. Afisa mifugo amkague kabla hajachanganywa na wenzake. Tangazo liende kwenye ubao, kwenye mnada wa mifugo wa karibu, na kwa kikosi cha polisi cha kuzuia wizi wa mifugo, kwa sababu inawezekana kabisa mwenyewe alisharipoti wizi wilaya nyingine.

Halafu siku zihesabiwe. Siku ngapi? Hilo mkutano uamue na sheria ndogo iandike, lakini zisiwe chache kiasi kwamba mfugaji wa Chunya hajapata hata nauli, wala nyingi kiasi kwamba gharama ya majani inapita bei ya ng'ombe. Zikiisha na hakuna aliyetokea, mahakama ipelekewe taarifa, ng'ombe auzwe mchana, hadharani, kwa mnada uliotangazwa, na mtumishi au mgambo aliyehusika kumkamata asiruhusiwe kununua. Hilo la mwisho ulishike sana. Aliyekamata akiruhusiwa kununua, kila ng'ombe atapotea.

Na fedha? Hapa ndipo penye ugomvi, na hapa ndipo nasimama. Kwanza kabisa ilipwe gharama halisi ya kumlisha, kwa risiti. Pili alipwe mwenye shamba lililoliwa, kwa tathmini ya bwana shamba iliyoandikwa siku ile ile, si ya kukumbuka. Zinazobaki zikae kwenye akaunti kwa jina la mwenyewe asiyejulikana, kwa muda unaojulikana, ili akitokea na ushahidi wake azichukue. Muda huo ukipita bila mtu, ziende kwenye josho na kwenye zizi lenyewe, na hesabu isomwe mkutanoni kama zinavyosomwa nyingine. Zisiingie kwenye kapu la mapato ya jumla. Ofisi inayofaidika na kila ng'ombe asiyedaiwa haitakuwa na haraka ya kumtafuta anayemdai.

Mwaka mzima tunakwenda kwenye mikutano ya vitongoji kusikiliza michango ya madarasa na ratiba ya mbolea ya ruzuku. Mambo mazuri. Lakini nitajie mkutano mmoja ambapo mtu alinyanyuka akauliza: mwaka huu ni ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, nguruwe wangapi waliokamatwa katika eneo letu, walikwenda wapi, na fedha zao ziko wapi? Hakuna aliyeuliza. Tumelala! Tunalala huku tunaliwa, tukiamka tunalalamika kwenye vijiwe vya bodaboda, jua likizama tunalala tena.

Usingoje diwani. Diwani atasema anachokisikia kwenu, na kwenu hasikii kitu. Mkutano ujao simama, uliza maswali hayo matatu, taka majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na yasipopatikana taka tarehe ya kuyapata. Mkiwa watano mnaouliza, mtaitwa wakorofi. Mkiwa hamsini, zizi litajengwa.

Na kama ng'ombe ameingia kwenye mahindi yako usiku wa leo, kabla zizi halijajengwa, fanya hivi. Usimkate. Usimfiche. Mtoe shambani, mfunge penye kivuli, mpe maji. Mpige picha mbavu zote mbili, masikio, na paja penye chapa. Mwite mwenyekiti na majirani wawili, mmoja awe mfugaji. Andikeni mlichokiona, saa mliyokiona na mashina yaliyoliwa, wote mtie saini, na nakala moja ibaki mkononi mwako. Taarifa ifike polisi siku hiyo hiyo, uombe namba ya kumbukumbu. Kisha yeyote atakayekuja kumchukua, awe anadai ni wake au awe anasema ametumwa, aandike jina lake, namba yake ya simu, kitambulisho chake na mahali anapompeleka ng'ombe. Asipoandika, kamba isifunguliwe.